Maziwa Yaliyoonjwa

Mwaka ule wa themanini na mbili kila kitu kilikuwa foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Mimi Honorata nilikuwa na foleni yangu peke yangu, ya kuolewa na Hilario, na nilikuwa nimesimama mwaka wa tisa. Kwenye foleni ya sukari angalau mbele yako kuna mgongo wa mtu anayesogea. Mbele yangu mimi alikuwa baba.

Baba yangu, Mzee Bartolomeo, alikuja Misugusugu kutoka Matombo na kazi ya barabara. Barabara ikaisha, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki na ng'ombe watatu, mke mmoja na binti mmoja. Mke akafariki. Nikabaki mimi na ng'ombe, na sina hakika alikuwa akitutofautisha.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu ukimpa mtu kitu cha kunywa, unaonja kwanza wewe mbele ya macho yake. Unamwondolea wasiwasi: tazama, mimi nimekunywa na sijafa. Baba alikuwa mkali kwa jambo hili. Hata yule bwana afya aliyekuja kumtoza faini ya choo, alimwonjea maji kwanza ndipo wakagombana. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye baba hakumwonjea kitu, na mtu huyo ni Hilario. Miaka tisa Hilario anakuja nyumbani, "Shikamoo mzee," "Marahaba," anapewa kikombe ambacho mdomo wa mtu haujakigusa. Maana yake, kunywa, na ukifa shauri yako. Naye, masikini, alikuwa anakunywa mpaka tone la mwisho, anasema asante.

Kosa lake lilikuwa kazi yake. Hilario alikuwa kijana wa Kurui, huko Kisarawe ndani, Mkatoliki wa kubatizwa kama sisi, anajua rozari kuliko mimi. Lakini alikuwa mchota maji wa hekalu dogo la Wahindi pale Maili Moja, nyuma ya duka la Mama Kusum.

"Siwezi kumpa binti yangu mtu anayeogesha masanamu," baba alisema mwaka wa kwanza.

"Haogeshi, baba. Anachota maji."

"Maji ya kuogeshea nini?"

Hapo nilinyamaza. Mwaka wa pili nilinyamaza mapema zaidi. Kufika mwaka wa tisa nilikuwa najua kunyamaza kwa namna zote.

Wiki moja kabla ya siku ninayowasimulia, Hilario alikuja nyumbani na ombi. Siku ya mwaka ya kumwogesha Mungu wao imekaribia, na ng'ombe wa yule mtu wa kule Picha ya Ndege aliyekuwa akiwapa maziwa amekufa. Je, mzee atasaidia?

Baba alimtazama mpaka nikaona aibu mimi.

"Nitayaleta mwenyewe," alisema. "Nataka nikaione hiyo kazi kwa macho yangu. Nikishaiona nitasema neno moja, ndiyo au hapana, na hamtanirudisha hapo tena. Ikiwa hapana, Jumapili namwita Leodegar."

Leodegar alikuwa mgane wa Soga, mtu mwema, mwenye nyumba ya bati na meno manne.

Nilimsindikiza Hilario mpaka zizini. Alisimama karibu kiasi cha mimi kusikia harufu ya ile sabuni yake ya mche, ya Mbuni.

"Hono, sikiliza vizuri. Maziwa ya kwanza ya asubuhi, ya ng'ombe mwenye ndama. Yasionjwe. Hata kidole kisiingie. Yakionjwa yanakuwa makombo, na wao hawampi Mungu makombo. Mwambie mzee."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Hilario, kwani mimi nina jambo gani jingine la kufikiria?"

Akacheka kidogo. Alikuwa na pengo dogo katikati ya meno ya juu, na mimi miaka tisa ile nilikuwa nimeishi kwa kulitazama. Wengine walikuwa wanakula wali.

Sikumwambia baba. Msinitazame hivyo. Sikusahau. Jioni nilifungua mdomo, nikamwona amekaa anakuna mgongo kwa gunzi la mahindi, nikajua nikitaja tu jina la Hilario tutaanzia masanamu, tupitie Musa na ndama wa dhahabu, tumalizie kwa mama yangu kaburini. Nikachoka kabla ya kuanza. Nikasema, "Baba, kile kindoo cha maziwa tusikifungue njiani, kuna vumbi." Nikaona yatosha.

*

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, baba mbele na fimbo yake, mimi nyuma na kindoo cha bati kichwani. Tulifika Maili Moja saa mbili, miguu yangu imekuwa ya mtu mwingine.

Hekalu lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha matofali kilichopakwa chokaa, na baraza ya saruji iliyooshwa mpaka inang'aa. Wahindi walikuwa wachache, labda kumi na watano, wamevua viatu, wanawake wamekaa upande mmoja wanatunga maua ya asumini. Mlangoni alikaa Maharaji, ndiye padri wao, mzee mwembamba mwenye ukungu katika macho yote mawili. Baba alipofika mbele yake alichanganyikiwa kidogo.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Marahaba," akajibu Maharaji.

Baba aliniangalia kama mimi ndiye niliyepanga.

Mama Kusum, mwenye duka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuagiza mizigo, alituelekeza nyuma. "Maziwa peleka kisimani kwa Hilario. Yeye iko pokea."

Kisima kilikuwa uani, kimezungushiwa mawe. Hilario alikuwa anavuta kamba, shati jeupe limelowa mgongoni, hana viatu. Alipotuona aliiacha ndoo ikining'inia. Nilimwona anavyonitazama, na ule uchovu wangu wote wa njiani ukataka kukaa chini pale pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, baba alinyoosha mkono. Sijui kwa nini. Labda kutembea kulimlainisha. Mkono ukabaki hewani. Hilario alirudi hatua moja nyuma, akakutanisha viganja kifuani kama wanavyofanya wao.

"Mzee, nisamehe sana. Leo tangu alfajiri nimeshaoga, sijala, na sigusi mtu mpaka shughuli iishe. Ndiyo masharti ya maji haya. Hata Hono siwezi kumgusa."

"Hata Honorata," baba alisema polepole. "Kumbe siku nyingine unamgusa?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Ni yeye aliyesema."

 Baba aliurudisha mkono wake, akaukung'uta kwenye suruali. Kisha, kwa sababu yeye ni mtu wa adabu hata akiwa amekasirika, na hasa akiwa amekasirika, alifanya kile ambacho angemfanyia mgeni yeyote anayemheshimu. Alinitua kindoo, akafungua mfuniko, akamimina maziwa kidogo humo ndani ya mfuniko, akayanywa, akafuta masharubu.

"Haya," akasema, anamsogezea Hilario kindoo. "Mmeona. Safi. Hayana neno."

Hilario hakupokea. Alinitazama mimi. Macho yale sikuwahi kuyaona kwake. Hayakuwa na hasira, afadhali yangekuwa nayo.

"Kuna nini?" baba akauliza. "Nimewaonjea. Mlitaka ninywe yote?"

"Mzee," Hilario alisema, sauti imeshuka, "maziwa ya leo hayakutakiwa kuonjwa. Kitu kilichoonjwa hawawezi kumwogeshea."

"Sasa mtu atajuaje kama ni mazima?"

"Kwao Mungu ndiye wa kwanza kuonja."

 Niliona masikio ya baba yanabadilika rangi. Miaka sitini na mitatu mtu yule hakuwahi kuambiwa kwamba ameharibu kitu kwa adabu zake. Na mimi nikaona foleni yangu yote, miaka tisa, inafungwa dirisha mbele ya uso wangu. Nikatazama huku na huku. Uani tulikuwa watatu tu.

"Peleka hivyo hivyo," nikanong'ona.

"Hono."

"Peleka! Yule mzee wao haoni. Maziwa hayasemi. Nani ameona?"

"Mimi nimeona," Hilario alisema.

Hakulisema kwa kujigamba. Alilisema kama mtu anayetaja mzigo uliomwelemea begani. Baba, aliyekuwa anatazama chini, aliinua kichwa.

Hilario alikibeba kile kindoo kwa kitambaa, akakitua mbali na ndoo za maji, akaelekea barazani. Tulimfuata. Wanawake waliacha kutunga maua. Alisimama chini ya kizingiti, maana ndani mwenyewe haingii, na akasema kwa sauti ya kusikika:

"Maharaji, maziwa yameonjwa. Siyo ya kutumia."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Mama Kusum akashika kichwa. "Hare Ram! Mwaka mzima nangoja!"

"Nani ameonja?" Maharaji akauliza, uso umegeukia upande usio na mtu.

"Kosa ni langu. Mgeni sikumweleza vizuri."

"Vipi wewe, Hilario? Miaka kumi na mbili unachota maji hapa. Leo unasahau?"

"Nimesahau, Maharaji."

"Aibu."

"Ndiyo, Maharaji."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba. Miguu yangu ilikuwa inauma, na mbele yangu yule mwanamume alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya watu kumi na watano kwa ajili ya mdomo wangu mimi uliochoka kufunguka. Nikamvuta baba shati.

"Baba. Aliniambia."

"Nini?"

"Wiki nzima kabla. Pale zizini. Aliniambia nikwambie yasionjwe. Mimi ndiye sikukwambia."

"Kwa nini?"

 Nikamjibu kweli tupu.

"Kwa sababu nimechoka kuongea na wewe habari zake. Miaka tisa, baba. Nikitaja jina lake unaanza, na mimi nasikiliza mpaka mwisho, na kesho yake ng'ombe wanakamuliwa. Safari hii sikuwa na nguvu. Ndiyo hivyo. Kama ni hapana, sema hapana hapa hapa, turudi. Leodegar aje na meno yake. Sitalia. Sina hata hamu ya kulia."

 Baba alisogea mbele, akavua kofia, akasimama kando ya Hilario.

"Mzee mwenzangu," alimwambia Maharaji, "aliyeonja ni mimi. Bartolomeo wa Misugusugu. Kijana huyu hana kosa. Kwetu tunaonja ndiyo tunampa mtu. Nilidhani nakuheshimuni."

Maharaji aligeuza uso kufuata sauti, mpaka yakawa yanatazamana, yale macho ya ukungu na yale mekundu ya baba.

"Naelewa," alisema. "Lakini siwezi."

"Mpaka saa ngapi mnaweza kungoja?"

"Jua likipita kichwani, siku imekwisha. Tena mpaka mwaka ujao."

Mwaka ujao! Nilikaa chini barazani bila kukaribishwa.

"Kuna chuchu ya ndama," baba alisema.

Hili nalo niwaeleze. Sisi tukikamua hatumalizi. Chuchu moja anaachiwa ndama, naye hufunguliwa saa sita. Baba alikuwa hajawahi kuigusa hiyo chuchu hata mwaka wa njaa.

"Ila ni mbali kwa miguu," akaongeza.

"Nina baiskeli ya duka," Hilario alisema.

Wakatazamana. Baba akavaa kofia yake. "Utaniendesha bila kunigusa?"

"Wewe utanishika mimi, mzee. Nikirudi nitaoga tena."

Na hivyo ndivyo nilivyomwona baba yangu akipanda keria ya baiskeli, magoti yamechomoza pembeni, fimbo kwapani, amemshika kiunoni mtu ambaye hakuwahi kumwonjea hata maji. Walipokaribia barabara kuu baiskeli iliyumba, nikamsikia baba anasema, "Polepole bwana, mimi si gunia," kisha wakapotea.

*

Nilingoja. Kungoja nilikuwa na digrii yake.

Mama Kusum alikuja akakaa karibu yangu, anahema, ameweka bakuli mapajani. Bakuli lilikuwa na sukari, kiganja kimoja tu, lakini mwaka ule ungedhani ni almasi.

"Hii angalia," aliniambia. "Miezi miwili mimi nakunywa chai hapana sukari. Mume wangu nakunywa chai hapana sukari. Kijiko kimoja kimoja naweka, kwa siku ya leo. Asali iko, samli iko, mtindi iko. Maziwa hapana!"

"Nisamehe, mama. Ni mimi."

"Najua. Nimesikia." Alinisogezea ua la asumini lililoanguka. "Wewe ndiyo ile Hono?"

"Ananitaja?"

"Hapana. Yeye hataji kitu. Lakini ndoo yake ya kunywa maji ameandika chini yake, kwa msumari. Hono. Mimi nadhani ni jina ya ndoo."

Nilicheka, na kicheko kikanitoka vibaya, kikageuka kitu kingine, nikajifuta kwa ncha ya khanga.

"Mama Kusum, kwa nini haachi kazi hii? Nimemwambia kila mwaka. Lile shirika la umma hapa jirani wanataka vibarua, angepata."

Alinyoosha kidole kwa Maharaji, aliyekuwa anapapasa baraza kutafuta fimbo yake, ambayo ilikuwa mapajani pake.

"Ile anaona fimbo? Basi kisima ataona? Yule mtu alichota maji zamani, wa kwetu, alikwenda Uingereza. Hilario alisema, naondoka mwezi ujao. Kila mwaka yeye nasema, naondoka mwezi ujao."

Kumbe nilikuwa na mke mwenza, miaka yote ile, mwenye ndevu nyeupe na macho ya ukungu. Nilimtazama mpaka akaipata fimbo yake. Sikuweza hata kumchukia. Nikaegemea ukuta, na jua likipanda polepole, nikasinzia na lile ua mkononi.

*

Kengele ya baiskeli ndiyo iliyoniamsha. Kivuli cha paa kilikuwa kimebaki upana wa kiganja.

Hilario alikuwa ameloa jasho kama aliyetoka mtoni. Baba alishuka akichechemea, ameshika kikombe cha bati kilichofungwa kwa jani la mgomba na uzi, amekishika kwa mikono miwili mbele yake kama anavyobeba padri vitu vyake altareni. Akampita kila mtu, akampita na mimi, akakitua mbele ya kizingiti.

"Hayajaonjwa," alisema. "Hata harufu sijavuta."

Hilario alikwenda kisimani akajimwagia maji na shati lake mwilini, akarudi na ndoo mbili. Baragumu la kombe la baharini likalia, kengele ikagongwa, na Maharaji akaingia ndani.

Nilikuwa nimetegemea sanamu kubwa la kutisha, kwa jinsi baba alivyolisema miaka tisa. Kumbe ni kitoto cha shaba, hakizidi mkate wa boflo, kinatambaa kwa magoti, mkono mmoja kimeinua donge la siagi, kimevaa kanzu ndogo ya kijani. Maharaji alikivua ile kanzu taratibu, kwa vidole visivyoona, akakiweka kwenye sinia. Akamimina maziwa ya chuchu ya ndama. Kisha mtindi, samli, asali, na kile kiganja cha sukari ya Mama Kusum. Kila mara Hilario alisogeza maji mlangoni bila kuambiwa, na kila mara mkono wa mzee uliikuta kata ya kuchotea pale pale ilipotakiwa kuwepo.  Wanawake waliimba, na Maharaji akakisugua kile kitoto nyuma ya masikio, chini ya kidevu, kwenye mikunjo ya mapaja.

"Anamwogesha," baba alinong'ona.

"Ndiyo, baba. Ndiyo shughuli yenyewe."

"La. Nasema anamwogesha hasa. Kama mama yako alivyokuwa anakuogesha wewe. Hata nyuma ya masikio."

Sikumwangalia. Nilijua nikimwangalia ataacha.

"Njia nzima nimemwuliza swali moja tu," aliendelea. "Nilimwuliza, wewe unakiabudu kile? Akaendesha, akaendesha, mpaka tumepita ule mteremko ndiyo akajibu. Akasema, mzee, mimi ni Mkristo, mimi namchotea maji mzee asiyeona."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia atazame barabara."

Shughuli ilipokwisha walimkausha yule mtoto, wakamvisha kanzu mpya nyekundu. Yale yaliyomiminwa yaligawiwa watu viganjani, kijiko kimoja kimoja. Mama Kusum alipofika kwa baba, baba alikohoa, akasema yeye ana vidonda vya tumbo. Hakuwa navyo. Mimi nilipokea. Padri wetu nilimwambia baadaye, akanipa Baba Yetu tatu, na nawaambia ukweli, ilikuwa tamu kuliko hizo Baba Yetu tatu.

*

Tulimkuta Hilario kisimani, ameegemea mawe, amechoka kwa njaa na baiskeli. Alijaribu kusimama vizuri alipomwona baba.

"Mzee, asante. Mmetuokoa."

"Mhm."

"Na Hono asigombezwe. Mambo ni mengi, mtu anasahau."

"Hakusahau. Ameniambia mwenyewe." Baba alikaa kwenye jiwe, akavua kiatu, akakung'uta mchanga ambao haukuwemo. "Wewe, hii kazi utaiacha lini?"

Hilario alinitazama. Nikaona jibu linakuja, lile la mwezi ujao, na nikaona analirudisha.

"Siwezi kuiacha Maharaji akiwa hai," akasema. "Hono, nimekudanganya kila mwaka. Nilidhani nitaweza. Siwezi. Kama umechoka, una haki. Sitakuja tena kukusumbua."

Lo, nilitaka nimpige na kindoo. Miaka tisa nangoja maneno, yanakuja mengi siku moja, na yote ya kuniaga!

"Nimechoka, ndiyo," nikamwambia. "Nimechoka mpaka mifupa. Lakini nikichoka nataka nichokee kwako. Kule Soga nitachokea nini?"

Alishusha macho, na lile pengo la meno likaonekana kidogo tu, kama mtu anayechungulia mlango kuona kama amekaribishwa.

Baba alivaa kiatu chake. Alichukua muda mrefu kwa kamba mbili.

"Na ng'ombe wangu atawakamua nani?" akauliza, hamwulizi mtu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka tisa masanamu, miaka tisa Musa na ndama wa dhahabu, kumbe chini ya yote alikuwa mzee mmoja anayekuna mgongo wake mwenyewe kwa gunzi, anaogopa nyumba tupu.

"Misugusugu si mbali kwa baiskeli," Hilario alisema polepole. "Alfajiri naweza kukamua, nikaja hapa nikachota."

"Leo amekamua yeye ile chuchu," baba aliniambia mimi, kama vile Hilario hayupo. "Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Anakamua vibaya sana. Anavuta kama anavuta kamba ya kisima."

"Pole, mzee."

"Lakini ng'ombe hakumpiga teke." Alifikiri kidogo. "Yule hata mimi ananipiga."

Akainuka. Kwenye ukingo wa kisima palikuwa na ndoo ndogo ya maji ya kunywa, na kata ya kifuu juu yake. Baba aliichota ile kata ikajaa. Nikasema moyoni, ana kiu, mzee wa watu. Akaipeleka mdomoni. Akanywa funda moja, moja tu, akalimeza tukiliona likishuka kooni, akafuta masharubu. Kisha akainyoosha ile kata kwa Hilario.

"Shughuli yenu imekwisha?" akauliza. "Unaruhusiwa sasa kupokea kilichoonjwa?"

Hilario aliitazama ile kata.  Aliipokea kwa mikono miwili, na vidole vyake vikagusa vya baba, na hakuna aliyerudi nyuma.

"Imekwisha, baba," akasema.

Hakusema mzee.

Akanywa. Akanywa polepole, macho yamefumbwa, mpaka tone la mwisho, kama alivyokunywa vile vikombe vyote vya miaka tisa. Baba akachukua fimbo yake na kile kindoo cha maziwa makombo, akanitwisha, akasema twende, jua kali, jioni inabidi ndama yule apewe pole.

Na mimi niliyetembea tangu alfajiri na kungoja mpaka adhuhuri, hakuna aliyenikumbuka hata kwa funda moja. Nilirudi Misugusugu na kiu yangu, maziwa yanacheza kichwani, natembea mbele ya baba kwa mara ya kwanza, na kila aliyepishana nasi barabarani aliniuliza nacheka nini.